Mikono ya Mathias Kiwanuka

Katika raga, ukishamwangusha mwenye mpira unatakiwa umwachie papo hapo. Mkishafika chini nyote wawili, mikono yako lazima imtoke ili aweze kuutoa mpira, nawe uondoke njiani kabla hujarudi kuugombania. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa mstari wa mbele sheria hii katika uwanja wa shule moja hapa Kakamega, upande wa barabara ya kwenda Webuye, na sijaona somo linalowawia vigumu kuliko hilo. Kushika wanajifunza upesi, kwa kuwa mwili wa kijana unapenda kushika. Lakini kijana aliyekimbia nusu ya uwanja kwenye matope, akateleza, akainuka, akampata mtu wake hatimaye, ukimwambia sasa amwachie, unamwomba jambo ambalo kila mshipa wake unalikataa. Naona vidole vyao. Mikono imefunguka kwa sababu refa anatazama, lakini kidole kimoja bado kimenasa kwenye kola ya jezi.

Labda ndiyo sababu nimekaa muda mrefu nikimfikiria mchezaji mmoja wa mpira wa Marekani, mchezo ambao sijawahi kuucheza na ambao sheria zake nilianza kuzifahamu nikiwa tayari mtu mzima. Huko kanuni ni kinyume cha yetu: ukimpata mtu, usimwachie hadi filimbi ilie. Mathias Kiwanuka aliishi kwa kanuni hiyo misimu 9, tangu 2006 hadi 2014, yote katika timu ya New York Giants. Kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wale wanaosimama mwishoni mwa mstari wa ulinzi, ambao kazi yao kubwa ni kuwapita watu wazito waliowekwa mbele yao na kumfikia kwotabeki, yule anayerusha mpira, kabla hajaurusha. Misimu 9 katika kazi ile ni mingi. Wengi miili huwashinda mapema zaidi. Na bado, wengi waliowahi kulisikia jina lake wanamkumbuka kwa mara moja aliyoachia.

Jina lenyewe halikuwa geni kwangu. Nililisikia mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, kutoka kwa mwalimu wa hisabati aliyetoka Uganda. Enzi za Idi Amin walimu wengi wa Uganda walivuka mpaka wakaja kufundisha katika shule zetu za huku magharibi, na sisi tuliosoma miaka ile tuna deni kwao ambalo hatujalitaja vya kutosha. Huyu wetu alikuwa mtu mkimya. Alikuwa na tabia ya kufuta ubao kwa kiganja hata kama dasta ilikuwa karibu, na kila kipindi kilipokwisha mkono wa koti lake ulikuwa mweupe hadi kwenye kiwiko. Siku moja, katikati ya milinganyo, bila mtu yeyote kumuuliza, alitueleza habari za Benedicto Kiwanuka.

Alizaliwa upande wa Masaka mwaka 1922, akawa askari katika Vita Vikuu vya Pili, akaenda London kusomea sheria, akarudi kuwa wakili na, kuanzia 1958, kiongozi wa chama cha Democratic Party. Machi 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Cheo hicho alikuwa nacho kwa wiki chache tu, kwani katika uchaguzi wa Aprili alishindwa, na Milton Obote ndiye aliyeiongoza nchi kuingia kwenye uhuru mwezi Oktoba. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimtia kizuizini. Aliyemtoa ni Idi Amin, baada ya kupindua serikali Januari 1971, na mwaka huohuo Amin akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukikalia kiti kile.

Kisha ikaja Septemba 1972. Wanajeshi walikuwa wamemshika Mwingereza mmoja, na shauri likafika mbele ya Kiwanuka. Akaamuru mtu yule aachiliwe, kwa kuwa jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata raia na kumweka namna ile. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamchukua mchana kweupe. Familia yake haikupata mwili wa kuzika. Mwalimu wetu alipofika hapo aligeukia ubao, akafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu, akaendelea na hesabu. Wakati ule sikuelewa kwa nini alituambia. Tulikuwa watoto, na kwetu Kampala ilikuwa mbali kama Ulaya, ingawa basi la asubuhi lingeweza kukufikisha huko kabla ya jua kuzama.

Mathias ni mjukuu wa jaji huyo. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, mtoto wa wazazi walioondoka Uganda. Alisoma shule ya sekondari ya Cathedral mjini humo, akaenda Boston College, na huko akaweka rekodi ya chuo ya kuwaangusha makwotabeki, mara 37.5. Hiyo nusu ilinisumbua nilipoisoma, mpaka nilipoelewa kwamba watu wawili wakimwangusha mtu kwa pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Nimeipenda hesabu hiyo. Katika mstari wetu wa mbele hakuna anayeandikiwa hata robo. Propu huingia kwenye skramu, humwinua mwenzake kwenye laini, husafisha njia kwa bega, na mwisho wa mchezo jina linalotajwa ni la yule bawa aliyepokea mpira akiwa na nafasi ya kukimbia.

Giants walimchagua mwaka 2006, akiwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Waliokuwa wakicheza nafasi yake tayari walikuwa Michael Strahan na Osi Umenyiora, watu ambao kijana hawezi kuwaondoa kwa kutaka tu. Ilimbidi asubiri, na akaitwa pale wenye nafasi walipoumia.

Basi tarehe 26 Novemba 2006 timu hiyo ilikuwa Nashville ikicheza na Tennessee Titans. Hadi robo ya mwisho Giants walikuwa wakiongoza 21 kwa 0. Titans wakaanza kurudi, wakafika 14, na dakika zikawa zinakwisha. Katika mchezo ule timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10; ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Titans walikuwa wamefika jaribio la 4 na yadi zote 10 zilikuwa bado. Kwotabeki wao alikuwa Vince Young, naye akiwa katika msimu wake wa kwanza, mtu mrefu kama Kiwanuka mwenyewe, futi 6 na inchi 5. Kiwanuka alimfikia. Akamkumbatia kwa mikono miwili, akamzungusha kuelekea chini. Hapo mchezo ungeisha.

Akamwachia. Alidhani mpira umekwisha kurushwa, naye aliogopa adhabu ya kumwangusha mrushaji ambaye hana mpira tena, adhabu ambayo ingewapa Titans yadi 15 na majaribio mapya 4. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Young. Akajikuta amesimama, yu huru, akakimbia akapata yadi alizohitaji na zaidi. Titans wakasawazisha, kisha wakafunga kwa mguu zikiwa zimebaki sekunde chache. 24 kwa 21.

Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza, kwenye simu ya kijana mmoja wa timu yetu, niliiona kwa macho ya raga, na kwa macho hayo haikuwa na ajabu yoyote. Mtu amemshika mwenzake, amemwachia. Ndivyo tunavyofundisha. Vijana walionizunguka walicheka, nami nikawa sioni kinachochekesha hadi nilipoelezwa. Baadaye, nilipozifahamu sheria za huko, nikahamia upande wa wanaocheka, ingawa sikucheka. Nilianza kuitumia picha ile kama onyo: maliza kazi yako, usikisie, sikiliza filimbi. Lilikuwa onyo zuri na nilidhani linatosha.

Aliyenitoa hapo ni kijana mmoja wa safu ya pili, Muisukha kutoka upande wa Shinyalu, ambaye huuliza maswali kwa upole hata huwezi kukasirika. Aliniuliza, "Mwalimu, kama mpira ungekuwa umeshatoka, tungemsema?" Nikamjibu hapana, tungemsifu. "Kwa hiyo mikono yake ilifanya vizuri?" Nikatulia. Mikono yake ilifanya kile ambacho sheria iliitaka ifanye, kwa kasi ambayo sheria iliitaka, na kwa udhibiti ambao watu wachache sana wenye kilo zaidi ya 115 wanaweza kuuonyesha wakiwa wameshaanza kuanguka. Kilichokosea ni macho, au tuseme hata si macho, kwa maana uso wake ulikuwa umegandamana na mwili wa mwenzake na hakuna namna angeweza kuuona mpira. Aliamua gizani. Sisi tunamhukumu tukiwa na picha iliyopigwa kutoka juu, inayosimama tukitaka isimame.

Tangu hapo nimekuwa nikilizunguka jambo hili kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba usiku. Tunawachukua vijana wenye miili mikubwa, tunawalisha, tunawaambia wagonge. Tunataka wawe na nguvu za kumwondoa mtu ardhini. Kisha tunawataka, katikati ya nguvu hizo, wawe na adabu ya kusimama ghafla, kwa sababu huyu anayeangushwa ni mtoto wa mtu, ana shingo, ana goti, ana kesho. Sheria ya kumlinda mrushaji iliwekwa kwa sababu hiyo, na sheria yetu ya kumwachia aliyeanguka haiko mbali nayo. Tunayaomba yote mawili kwa mtu mmoja, na tunayaomba ndani ya nusu sekunde. Akikosea upande wa nguvu, tunasema ni bahati mbaya ya mchezo. Akikosea upande wa adabu, tunamcheka miaka na miaka.

Mwanzo niliogopa kumleta babu yake katika jambo hili. Kuna wepesi mbaya wa kuunganisha mtu aliyeuawa kwa ajili ya haki na mchezo wa mpira, na mwalimu wangu wa hisabati asingependa wepesi huo. Mahakamani Kampala palikuwa na uhai na kifo; Nashville palikuwa na matokeo ya Jumapili. Mjukuu hakumwachia Vince Young kwa sababu babu alimwachia Mwingereza. Naliandika hili wazi ili nisijidanganye. Lakini nikishaliandika, bado hayo mawili yamekaa pamoja kichwani mwangu na hayataki kutengana. Babu alifanya kazi ya kuwaambia watu wenye mikono yenye nguvu kwamba nguvu zao zina mwisho, kwamba kuna mahali mkono unatakiwa ufunguke hata kama hakuna wa kuufungua. Waliomsikia hawakufungua. Na mimi, nikiwa uwanjani na kipenga shingoni, ninawaambia vijana maneno yaleyale kwa jambo dogo zaidi, na nadhani ni katika mambo madogo ndipo mkono hujifunza. Au pengine haujifunzi. Nimewaona vijana walioachia vizuri sana uwanjani, ambao mitaani waligeuka kuwa watu wa kushika na kubana.

Asubuhi za Jumamosi, kukiwa na mchezo wa mafahali Khayega au Malinya, huwa naenda mapema. Ngoma za isukuti zinasikika kabla hujawaona watu, na matawi yanapunga juu ya vichwa kama msitu mdogo unaotembea. Mgeni hutarajia kuona pembe zikipaa, na mara nyingi hukata tamaa, kwa sababu mafahali wakishakutanisha vichwa huonekana kama hawafanyi kitu. Wamesimama. Ukisogea karibu, kama mwenye fahali atakuruhusu, ndipo unapoona kwato za nyuma zikizama taratibu kwenye udongo, povu mdomoni, ngozi ya shingo ikitetemeka, na pumzi zao zinasikika kuliko ngoma. Kazi yote iko hapo, na mtu aliyesimama hatua 20 haioni. Anachoona ni mwisho wake tu: fahali mmoja amegeuka, amekimbia, na umati umeanza kupiga kelele. Kazi ya mtu wa mstari wa mbele iko vivyo hivyo, Marekani na kwetu. Mtazamaji huiona pale inapokatika.

Ndiyo maana napenda kukumbuka miaka iliyofuata, ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 2007 Giants walimwondoa mstarini wakamweka nyuma kidogo, nafasi ya walinzi wa katikati, kwa kuwa waliokuwa wakifaa kwenye mstari walikuwa wengi kuliko nafasi. Kwa mtu aliyezoea kuanza akiwa ameinama mkono mmoja ardhini, kusimama wima na kutazama mchezo mzima ni kujifunza kazi upya. Alikuwa akiizoea alipovunjika mguu mwezi Novemba. Februari 2008, katika fainali, timu yake iliwashinda New England Patriots 17 kwa 14, Patriots ambao hawakuwa wamefungwa msimu mzima. Yeye alikuwa nje. Msimu uliofuata Umenyiora aliumia goti, na Kiwanuka akarudishwa mstarini. Mwaka 2010 alianza vizuri mno, akawaangusha makwotabeki mara 4 katika michezo 3, kisha diski ya shingo ikamtoa kwa muda wote uliobaki wa msimu.

Hapo kwenye shingo huwa nasimama. Sisi tunaoufahamu uzito wa skramu tunajua shingo ni nini. Kila mwanzo wa muhula, kabla ya mpira kuonekana, vijana wangu hufanya mazoezi ya shingo, wawili wawili, mmoja akisukuma kwa kiganja na mwingine akikataa. Wanayachukia, kwa kuwa hayana mchezo ndani yake. Mara nyingine nawaeleza kwamba kuna mtu mkubwa kuliko wote walio hapa, aliyekuwa na madaktari na wataalamu wa kila aina karibu yake, na bado shingo yake ilimwambia akae chini. Akarudi. Mwaka 2011 wakamhamisha tena, nyuma ya mstari, akakubali tena. Na Februari 2012 fainali ya Super Bowl ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa, na Giants wakawashinda Patriots tena, 21 kwa 17, safari hii yeye akiwa uwanjani. Hadi anamaliza na timu hiyo alikuwa ameandikiwa mara 38.5. Nusu nyingine tena, ambayo mtu fulani anashiriki naye.

Si muda mrefu baadaye, Desemba 2013, katika uwanja uleule wa Indianapolis, Daniel Adongo wa kwetu aliingia mchezoni akiwa na jezi ya Colts, timu ya mji huo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ile ya Kiwanuka. Alikuwa ametoka kwenye raga, Afrika Kusini na New Zealand, na hakuwahi kuucheza mpira wa Marekani kabla ya Colts kumsajili. Wapinzani siku hiyo walikuwa Titans. Vijana wangu walisisimka sana habari zilipotufikia, na wapo waliotaka kuanza kupima vifua vyao. Mimi nilikuwa nafikiria mikono ya Adongo. Miaka yote ya raga ilikuwa imeifundisha kumwachia mtu anapofika chini, na sasa ilitakiwa isahau. Mtu huhamaje kutoka kanuni moja hadi nyingine wakati mwili umeshaiandika ile ya kwanza? Nikiulizwa ni sehemu gani ya safari yake ilikuwa ngumu kuliko zote, ningetaja hiyo kabla ya baridi na kabla ya ugeni.

Kwa hiyo ningependa kusema kwamba nimefika mahali. Ningependa kusema kwamba afadhali kijana anayekosea kwa kuachia kuliko anayekosea kwa kung'ang'ania, na ukinikuta mazoezini, hilo ndilo utakalonisikia nikilisema. Nalisema kwa moyo wote. Lakini kuna upande mwingine ambao sijaupatia jibu, na nimeletewa na vijana wenyewe.

Msimu uliopita propu wetu mmoja alimwachia mtu mapema. Hawakuwa wamefika chini bado. Alisikia sauti pembeni, akadhani ni refa, akafungua mikono. Yule mwingine akasimama, akaenda, wakafunga trai karibu na nguzo. Baada ya mchezo nilienda kwake kwanza, na kwa sababu ya yote niliyoyaeleza hapa nilimuuliza alisikia nini kabla ya kumuuliza kwa nini. Alinieleza. Nikampigapiga begani. Nilipogeuka nilimkuta huka wetu amesimama nyuma yangu, tope limekauka usoni, machozi yameacha njia mbili. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa pili wa uwanja kuja kusaidia, akachelewa kwa hatua mbili. Akaniambia, "Mwalimu, unamuuliza yeye alisikia nini. Mimi je? Nilikuwa nimechoka kwa ajili yake."

Nilimfikiria Kiwanuka tena, na kwa mara ya kwanza niliwafikiria wale 10 wengine waliokuwa naye uwanjani Nashville. Nao walikuwa wamewasukuma watu wazito mchana kutwa, wameongoza 21 kwa 0, wamepumua moto. Adabu ya mmoja ililipiwa na wote, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kulipa. Je, ninapomfundisha kijana mmoja kukosea upande wa huruma, ninatumia jasho la nani? Katika mahakama ya Kampala aliyelipa ni yule yule aliyetoa amri, yeye na familia yake. Uwanjani hesabu haiko sawasawa hivyo.

Nilimwambia huka kwamba ana haki. Propu alikuwa akisikiliza, na sikutaka aondoke akidhani nimemgeuka, kwa hiyo nikasema mbele ya wote wawili kuwa naye ana haki. Huka hakuridhika, na sikumlaumu. Jumatano mvua ilikatika mapema, tukarudi uwanjani, nikawapanga hao wawili pamoja: mmoja anashika, mwingine anafika kumsaidia, anayekuja anapaza sauti kwamba yuko njiani, na anayeshika haachii mpaka magoti ya mtu yaguse nyasi. Tulirudia mpaka giza. Mara mbili tatu propu aliachia mapema tena, na kila mara huka alikuwa ameshafika.